Programu ya ubao mama yaonyesha nyuzi 46, nyingine 71: niamini ipi, na kitufe cha kasi nikiache?

Swali: Nimejiundia kompyuta ya mezani na kusakinisha programu ya mtengenezaji wa ubao mama. Inaonyesha joto la prosesa nyuzi 46, wakati HWiNFO, programu ya kutazama vihisi, saa ileile, inaonyesha 71. Nilibonyeza kitufe cha kupandisha kasi kiotomatiki, nikapata megahezi 200 zaidi, lakini sasa feni zinavuma hata nikifungua kivinjari tu, na mara mbili kompyuta imeganda. Menyu zake nyingi sizielewi, na nyingine hazibonyezeki. Je, niendelee nayo, nitafute programu nyingine, au kila kitu nikifanye kwenye BIOS?

Jibu:

Kabla ya yote, rudisha kasi ya kiwandani leo hii. Kompyuta iliyoanza kuganda baada ya kupandishwa kasi huenda tayari inakosea hesabu zake, na makosa hayo yakifika kwenye RAM yanaweza kuharibu mafaili kidogo kidogo bila onyo lolote: picha moja leo, hati moja mwezi ujao. Ukishafanya hivyo, tuongee kwa utulivu.

Msimamo wangu ni huu. Mipangilio unayotaka idumu iandikwe kwenye BIOS, ile programu iliyo ndani ya ubao wenyewe na inayowaka kabla ya Windows. Ndani ya Windows ibaki programu moja nyepesi ya kutazama. Programu ya kupandisha kasi ni chombo cha kujaribia, ikimaliza kazi iondolewe. Nafika hapo kwa sababu ya jinsi programu hizi zinavyofanya kazi chini ya zile saa za vipimo za kung'aa kwenye skrini, na bila kuzijua sababu hizo utabadilisha programu tatu na kubaki na tatizo lilelile.

Tuanze na nyuzi 46 na 71. Inawezekana kabisa zote mbili ni za kweli, ila hazikupimwa mahali pamoja. Ndani ya prosesa mna vihisi vya kidijitali vilivyo kwenye silikoni yenyewe, karibu na viini (cores) vinavyofanya kazi. Prosesa za Intel hata hazitoi nyuzi: hutoa umbali uliobaki kufikia kikomo chao cha joto, kisha programu hufanya hesabu ya kutoa. Kikomo kikiwa 100 na umbali ukiwa 29, wewe unaandikiwa 71. Namba iliyoandikwa "CPU" kwenye programu ya ubao mara nyingi hupitia njia nyingine. Pembeni mwa ubao kuna chipu ndogo iitwayo Super I/O, kwa kawaida ya Nuvoton au ya ITE, inayosimamia feni na kupima volteji na joto. Chipu hiyo huweza kusoma kihisi kilicho kwenye eneo la soketi, au kupokea joto la prosesa na kulilainisha ili feni zisirukeruke. Joto la soketi huwa la chini zaidi na huchelewa kupanda. Unapotaka kujua kama prosesa iko salama, fuata 71. Ile 46 inakusaidia kuelewa kwa nini feni zinazunguka jinsi zinavyozunguka, basi.

Kwa AMD kuna mkanganyiko wake. Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 zilikuwa zikitoa namba iliyoongezwa nyuzi 20 juu ya joto halisi, kwa makusudi, ili mpangilio mmoja wa feni ufae prosesa zote za familia ile. Programu iliyojua hilo ilitoa 20 na kuonyesha joto halisi, isiyojua iliwatia watu hofu. Ukija kwenye Ryzen za mfululizo wa 7000, nyingi zimeundwa zifike nyuzi 95 zinapopewa mzigo mzito wa viini vyote na kukaa hapo. Programu inayopaka skrini rangi nyekundu ikifika 80 inamwambia mwenye prosesa hiyo jambo lisilo kweli. Kwangu hilo ni kosa kubwa la usanifu, kwa sababu mtumiaji wa kawaida husoma rangi kabla ya namba.

Volteji nazo zina mtego wake. Chipu nyingi za Nuvoton hupima kutoka volti 0 hadi 2.048 tu, kwa hatua za milivolti 8. Ili zipime njia ya volti 12, ubao hugawanya umeme huo kwa vipinga, kisha programu huzidisha tena. Mgawanyo ukiwa kwa 12, hatua moja inakuwa volti 0.096. Kwa hiyo ukiona 12.000 ikiruka hadi 12.096 na kurudi, usiende kununua pawasapulai mpya. Unaona hatua moja tu ya kipimo. Tena, programu isiyojua ubao huu umegawanya kwa kiasi gani itakuandikia volti 8 au 15 mahali pa 12 bila kusita. Na pale chipu ina mguu wa kupokea kihisi lakini mtengenezaji hakuunganisha chochote, utasoma nyuzi 127 au namba iliyo chini ya sifuri ndani ya chumba cha joto. Namba isiyobadilika kompyuta inapopewa mzigo, au inayoonyesha jambo lisilowezekana, ifiche na uisahau.

Hapa ndipo ninapowatetea watengenezaji wa ubao kwa jambo moja. Wao peke yao ndio wanaojua kwa hakika mguu upi wa chipu umeunganishwa wapi. Programu za kutazama kama HWiNFO, AIDA64 na LibreHardwareMonitor hulazimika kutunza orodha ndefu ya ubao mmoja mmoja, na anayetumia lm-sensors kwenye Linux anajua uchovu wa kutazama majina kama in0 na in1 yasiyomwambia kitu. Kwa hiyo programu ya mtengenezaji ilipaswa kuwa bora kuliko zote. Badala yake, unapewa saa tatu kubwa kama za gari la mashindano, bila kiwango cha chini na cha juu kilichofikiwa, bila wastani, bila njia ya kuhifadhi rekodi kwenye faili, na bila neno hata moja kuhusu namba ilikotoka. Ujuzi wanao, hawakupi. Hilo linanisikitisha, kwa sababu anayeumia ni mtu kama wewe anayejaribu kujifunza mashine yake.

Sasa kuna jambo ambalo huenda linahusika na kuganda kwako, mbali na kasi yenyewe. Unaendesha programu mbili zinazosoma chipu ileile. Super I/O husomwa kwa hatua: programu huandika kwanza ni kundi gani la rejista (vijisehemu vya kuhifadhia namba ndani ya chipu) inalotaka, halafu ndipo isome. Programu ya pili ikiingia katikati na kubadili kundi, ya kwanza inasoma rejista isiyo yake. Ndipo unapoona feni ikionyesha mizunguko 0 kwa sekunde moja, au joto likiruka hadi 255. Hatari zaidi ni pale programu inapoandika, maana amri ya kasi ya feni inaweza kutua mahali pasipo pake. Programu makini za kutazama zina kufuli la pamoja la kusubiriana zamu, lakini si programu zote za watengenezaji wa ubao, na za taa za rangi, zinazoliheshimu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Chagua moja.

Kutazama kwenyewe pia kuna gharama. HWiNFO husoma kila milisekunde 2000 isipobadilishwa, na hiyo inatosha. Ukiweka 100 ili grafu ipendeze, unaviamsha viini vilivyolala mara kumi kwa sekunde, halafu unashangaa kwa nini prosesa ya Ryzen iliyotulia inaonyesha volti 1.4 na joto linarukaruka: unachokiona ni kazi ya programu yako mwenyewe. Kwenye baadhi ya ubao za ASUS, kusoma kidhibiti kinachoitwa EC huweza kuifanya kompyuta ikwame kidogo kila mara, na HWiNFO yenyewe hutoa onyo kuhusu hilo. Ukiliona onyo hilo, likubali na uzime usomaji huo.

Nije kwenye kitufe. Kitufe cha kupandisha kasi kiotomatiki kinapendwa kwa sababu hakiulizi swali, na ndiyo kasoro yake. Prosesa mbili za jina moja hazilingani: moja inahitaji volteji ndogo kufikia kasi fulani, nyingine kubwa. Kitufe kinachotumia jedwali lililoandaliwa mapema lazima kimfae mwenye prosesa dhaifu, kwa hiyo humpa kila mtu volteji ya huyo dhaifu. Nguvu inayoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Chukua mfano wa kasi iliyotoka gigahezi 4.4 hadi 4.6, na volteji iliyotoka 1.20 hadi 1.35. Kasi imeongezeka chini ya asilimia 5, ilhali nguvu imeongezeka karibu asilimia 32. Feni zako zinavuma kwa sababu hiyo, na megahezi 200 hutazihisi kwenye kivinjari.

Na usidhani "otomatiki" maana yake ni "salama". Mwezi wa Aprili 2023 watu walianza kuonyesha prosesa za Ryzen 7000X3D zilizoungua kwenye soketi, na AMD ikatoa programu dhibiti mpya za kuzuia volteji ya SoC, sehemu ya prosesa inayohudumia RAM na vinginevyo, isipite 1.3, kwa sababu mipangilio ya baadhi ya ubao ilikuwa ikiipandisha yenyewe mtu anapowasha EXPO, mpangilio ulio tayari wa kuipa RAM kasi zaidi. Mwaka 2024 Intel nayo ilitoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) mfululizo kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zikiharibika taratibu kwa volteji kubwa mno. Hao hawakuwa watu waliocheza na volteji kwa mkono. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kasi, hakikisha BIOS yako ni toleo jipya.

Ukitaka kuipima programu ya kupandisha kasi kabla ya kuiamini, achana na uzuri wa skrini. Angalia kwanza kama, kabla hujabonyeza "tumia", inakuonyesha thamani ya zamani na mpya pamoja, kila moja na kipimo chake. Kitufe kinachobadili vitu saba kwa jina moja kama "michezo" au "nguvu" hakikuachii njia ya kujua kipi kilileta matatizo. Kisha angalia kama inatenganisha kujaribu na kuhifadhi. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Jaribio likishindikana, kuwasha upya kompyuta kunapaswa kukurudisha ulipokuwa. Programu inayoweka alama yenyewe kwenye "tumia kila Windows inapowaka" inaweza kukufungia kwenye mzunguko: unaingia, inaweka thamani mbaya, kompyuta inaganda, unawasha tena, inaweka tena. Ukishanaswa hivyo, ingia kwa hali salama ya Windows, programu hiyo haitaanza, nawe utaiondoa. XTU, programu ya Intel ya kupandisha kasi, ilifikiria hili: kwenye ubao unaoiruhusu, ikigundua kompyuta iliganda, hurudisha thamani za awali. Ryzen Master ya AMD nayo ina njia ya kutumia na kupima papo hapo kabla ya kuhifadhi. Mojawapo ya hizi mbili, kulingana na prosesa yako, itakufaa zaidi ya ile ya ubao.

Menyu zisizobonyezeka zina sababu, ila programu haikuambii, nami naliona hilo kama dharau kwa mtumiaji. Kwa Intel, kizidishi cha kasi (namba inayoamua kasi ya prosesa) hufunguliwa kwenye prosesa zenye herufi K zikiwa juu ya ubao wenye chipuseti, yaani chipu kuu ya ubao, ya Z. Ubao wa chipuseti ya B haukuruhusu kukipandisha. Kwa AMD, prosesa nyingi za Ryzen ziko wazi, lakini chipuseti ya A520 haipandishi kasi ya prosesa. Na kama kilichofungwa ni kitelezi cha kushusha volteji, huenda chanzo ni shambulio la Plundervolt lililotangazwa mwaka 2019: watafiti walionyesha kwamba kwa kushusha volteji kwa programu unaweza kuifanya prosesa ikosee hesabu za siri, na Intel pamoja na watengenezaji wakafunga mlango huo kwenye mashine nyingi. Sentensi moja chini ya kitelezi ingetosha kulieleza hilo.

Kwa nini BIOS basi? Kwa sababu ina njia ya kutokea. Thamani mbaya ikiwekwa huko, ubao nyingi hushindwa kuwaka mara chache kisha hurudi zenyewe kwenye thamani salama, na zisiporudi, kuna kufuta CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, kwa kitufe au kwa kugusanisha pini mbili kama kitabu cha ubao kinavyoelekeza. Mambo mengi ya RAM hupangwa wakati wa kuwaka tu, hivyo programu ya Windows haiyawezi bila kuwasha upya. Zaidi ya hayo, mipangilio ya BIOS haihitaji draiva yoyote kwenye mfumo wako. Nakubali kwamba menyu za BIOS zenyewe ni msitu. Fanya mabadiliko moja moja na upige picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kuugusa.

Ungeniuliza ubadilishe nini huko, ningesema anza na RAM: washa XMP au EXPO, kisha endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Hii pia ni kupandisha kasi kupita viwango vya kawaida, usiichukulie kama swichi ya bure. Prosesa za sasa hujipandisha zenyewe karibu na ukomo wao, kwa hiyo faida kubwa mara nyingi hupatikana kwa kushusha: Curve Optimizer, kipengele cha kushusha volteji, kwa hatua ndogo za hasi kwa AMD, au kuweka ukomo wa nguvu unaolingana na kipoza chako kwa Intel. Baada ya kila badiliko, ipe prosesa mzigo kwa programu ya OCCT au Prime95, na usisahau kuiacha kompyuta itulie pia, kwani prosesa iliyoshushwa volteji mno huweza kuanguka ikiwa haina kazi. Kisha fungua kumbukumbu za matukio za Windows (Event Viewer), utafute WHEA-Logger, inayoripoti makosa ya maunzi. Tukio namba 19 lina maana kwamba prosesa ilikosea ikajirekebisha. Hujaona skrini ya buluu, lakini mpangilio huo haufai.

Feni ziache kwa BIOS. Mpangilio uliowekwa huko huendeshwa na Super I/O yenyewe, kwa hiyo Windows ikiganda, feni zinaendelea kufuata joto. Zinazoendeshwa na programu zinaweza kubaki kwenye kasi ya mwisho zilizoamriwa, hata kama ilikuwa ya chini. Tafuta kipengele cha kuchelewesha, ukiweke sekunde chache, na uvumaji wa kila unapofungua kivinjari utakwisha, kwa sababu joto la prosesa hupanda na kushuka haraka kuliko feni inavyohitaji kujibu. Kuna hali moja tu ambapo naipendekeza programu: BIOS kwa kawaida haioni joto la kadi ya grafiki, na ukitaka feni za kasha zilifuate, FanControl inaifanya kazi hiyo vizuri, na skrini yake ni ya kupigiwa mfano. SpeedFan, ambayo bado utaona watu wakiisifu, iliishia toleo 4.52 na haizijui chipu nyingi za leo.

Mwisho ni namna ya kuiondoa uliyo nayo, na hapa usiharakishe. Ili kufika kwenye rejista za chipu, programu hizi husakinisha draiva yenye mamlaka ya kerneli, moyo wa mfumo wenyewe, na draiva hizo zimewahi kutumiwa vibaya. Mwaka 2020 virusi vya kudai fidia vya RobbinHood vilitumia draiva ya Gigabyte iitwayo gdrv.sys kuzima kinga za kompyuta. Mwaka 2022 virusi vya BlackByte vilifanya vivyo hivyo kwa RTCore64.sys, draiva ya MSI Afterburner, programu ya kupandisha kasi ya kadi za grafiki. WinRing0, draiva iliyokuwa ndani ya programu nyingi za kutazama, ilianza kukamatwa na Microsoft Defender mwaka 2025, na ndiyo maana programu kama FanControl zilihamia draiva nyingine, PawnIO. Ukipata onyo la WinRing0, usilizime. Tafuta toleo jipya la programu yako.

Fuata mpangilio huu: ndani ya programu ya ubao, rudisha thamani za kiwandani na uondoe alama ya kuanza na Windows. Zima kompyuta, ingia BIOS, pakia thamani za kiwandani huko pia, na utafute kipengele kinachoruhusu ubao kuisakinisha programu wenyewe, kwa ASUS kinataja Armoury Crate, ukizime. Usipokizima programu itarudi hata baada ya kusakinisha Windows upya. Ndipo uiondoe, ukitumia kiondoaji maalumu cha mtengenezaji kama kipo, maana kiondoaji cha kawaida mara nyingi huacha huduma na draiva nyuma. Halafu fungua Usalama wa Windows, sehemu ya kutenga kiini (Core isolation), ujaribu kuwasha ulinzi wa uadilifu wa kumbukumbu (Memory integrity). Ulinzi huo ukikataa kuwaka, utapewa orodha ya draiva zinazouzuia, na kuna uwezekano mkubwa utakuta jina la programu uliyodhani umeshaiondoa. Ifute hiyo draiva, washa upya, kisha ujaribu tena.